UZI: Kambi ya mlimani kwa mwendesha baiskeli wa Dar – Mombo hadi Lushoto

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikikaribia miezi ya baridi swali linarudi humu: nitapandaje mlima vizuri wakati naishi Dar? Nimerudi juzi kutoka Lushoto. Nilikwenda kwa ajili ya mazoezi tu, hakukuwa na harusi wala kazi, na nimeona niyaweke yote sehemu moja ili anayepanga likizo yake ayakute. Mimi silipwi kuendesha baiskeli. Nina kazi ya ofisini, nina familia, natoka alfajiri kabla barabara hazijajaa na saa mbili niko nyumbani naoga. Haya nawaandikia watu wa aina hiyo.

Nianze na lile ninaloliamini kuliko mengine. Sisi wa pwani tukienda Usambara hatufuati hewa nyembamba. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na huko mwili hausumbuki kiasi cha kuongeza damu. Ili figo zianze kuagiza chembe nyekundu kwa wingi unahitaji kukaa mita 2,000 na zaidi, tena kwa majuma kama matatu, na likizo hiyo wengi wetu hatuna. Kinachofuatwa Lushoto ni kitu ambacho Dar hakipatikani hata ukilipa: kukanyaga saa nzima na zaidi kwa nguvu ileile bila kuacha.

Tazameni Barabara ya Bagamoyo. Ukitoka Mwenge kuna taa, mbele daladala inashusha, Tegeta foleni, bodaboda anakukatiza. Hata Jumapili alfajiri ukimaliza dakika kumi hujagusa breki, shukuru. Vilima vya Pugu ni vizuri na navipenda, ila vinakwisha mwili ukiwa ndiyo kwanza unachemka. Matokeo yake mguu wa Dar unajua kuchomoka na kupumzika, kuchomoka na kupumzika. Kasi tunayo. Kubeba mzigo mmoja usiobadilika kwa muda mrefu hatujui, na hilo ndilo linalotuangusha tukitoka nje ya mji.

Sasa Mombo. Pale kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha uko mita 400 hivi, joto kali, mkonge na vumbi. Unakata kuingia mlimani na kwa kilomita zaidi ya 30 unapanda karibu mita 1,000. Kipande cha chini, hadi mji mdogo wa Soni, ndicho chenye mlima wenyewe: barabara imebanwa na ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, kona inafuata kona, na maji unayasikia chini. Baada ya Soni inalegea kidogo, kuna hata sehemu unaweza kuongeza gia. Wajerumani waliouita mji huo Wilhelmstal walipanda huko kukimbia joto la tambarare, na ukifika juu umelowa jasho, upepo wa kwanza wa baridi ukakupiga shingoni, unawaelewa.

Na hapo kwenye ubaridi pana mtego. Sisi tumezoea kuendesha kwenye joto na unyevu, mwili unatumia sehemu kubwa ya kazi yake kujipoza. Ukiutoa kwenye joto hilo unajisikia una nguvu ambazo hujawahi kuwa nazo. Siku ya kwanza kila mtu anapanda kama anafukuzwa. Siku ya tatu hawezi kushuka ngazi za nyumba ya wageni.

Mpangilio ninaoushauri, baada ya kuujaribu na kuuona kwa wenzangu pia, ni huu. Siku ya kufika usifanye lolote zaidi ya kuunganisha baiskeli na kuzunguka mjini taratibu. Kesho yake panda mlima mzima kwa mwendo wa kuongea: uwe na uwezo wa kutamka sentensi kamili bila kukata pumzi katikati. Siku inayofuata endesha saa moja tu pale juu, njia ya Magamba, msituni, polepole. Kisha ndiyo uje na kazi yenyewe: ukitoka Mombo, pasha mwili kilomita chache za mwanzo, halafu shika nguvu ambayo unaweza kutamka maneno matatu manne tu kwa pumzi moja, uishike dakika 20. Pumzika dakika 10 huku ukiendelea kukanyaga kilaini, kisha rudia dakika 20 nyingine. Ukifika Soni umemaliza kazi ya siku, sehemu iliyobaki ni ya kurudi nyumbani. Siku ngumu ya aina hiyo isifuatwe na ngumu nyingine hata kama unajisikia simba. Kupumzika ndiyo mazoezi yenyewe, kwa sababu misuli haijengeki ukiwa juu ya tandiko, inajengeka ukiwa umelala.

Wenye saa za kupima mapigo ya moyo watumie, ni msaada mkubwa, ila mlimani msiyaamini mapigo katika dakika za mwanzo maana yanachelewa kupanda. Kipimo cha maneno hakidanganyi na hakina betri.

Chakula. Mtu wa kawaida akipanda kwa bidii anachoma kalori 500 hadi 600 kwa saa, na wanga uliomo mwilini hautoshi kwa safari ndefu. Ushauri unaokubalika kwa michezo ya muda mrefu ni gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya wastani ina gramu 25 hivi, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa na maji yenye sukari na chumvi kidogo, umefika. Huna haja ya vipakiti vya bei mbaya vya kutoka nje. Jioni kula wali, ugali, makande, maharage, na mboga za huko ambazo sijui kama kuna sehemu zinaizidi Lushoto kwa mboga. Pale Irente wanatengeneza jibini na mkate, nunueni. Asubuhi kabla ya kutoka, uji.

Kuteremka nakuandikia kwa herufi nzito kichwani mwako. Wengi wetu tuna breki za kubana rimu. Mteremko wa kutoka Soni kwenda Mombo ni mrefu, na ukiishikilia breki mfululizo rimu inapata moto hadi tyubu inapasuka, tena ya mbele. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena. Gawa kazi kati ya mbele na nyuma. Simama mahali penye nafasi, rimu zipoe. Kaa upande wako kabisa, kwa sababu malori ya kabichi na ya mbao yanakata kona kwa kutumia barabara nzima na basi linapiga honi likiwa tayari limeshafika. Asubuhi usishuke ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Na weka gazeti kifuani ndani ya jezi. Limezuia upepo kwa waendesha baiskeli tangu enzi na bado halijapatiwa mpinzani.

Kuna jambo limenikaa. Chini kidogo ya Soni kuna kona inayorudi nyuma kabisa, na nilipokuwa kwenye ile dakika 20 ya pili niliona matone ya jasho yakidondoka kwenye bomba la baiskeli, moja moja, na kila tone likitua pale pale pa mwenzake. Kichwa kilikuwa kimetulia. Mguu ulikuwa unauma lakini haukuwa unabishana na mimi. Hali hiyo sijawahi kuipata Dar, kwa sababu Dar lazima macho yawe kwenye kioo cha daladala. Hiki ndicho ninachotaka kila mmoja wenu akipate japo mara moja.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

—

Mdau wa Moshi:
Mkuu, uzi mzuri. Ila mbona umeruka suala la gia? Nimewaona vijana wa Dar wakija huku na baiskeli za mbio zenye meno 39 mbele na 25 nyuma, wanasimama kwenye pedeli kilomita nzima. Magoti yanaisha.

Mleta uzi:
Asante kwa kunikumbusha, kaka. Hesabu yake iko hivi. Kwenye vipande vikali mtu mzito kidogo anakwenda kama kilomita 11 kwa saa. Kwa mwendo huo, ukiwa na 39 mbele na 25 nyuma unazungusha pedeli kama mara 56 kwa dakika. Ukiwa na 34 mbele na 32 nyuma, mwendo uleule, unazungusha zaidi ya mara 80. Kazi ni ileile, ila kwenye ile ya kwanza inabebwa na goti, kwenye hii ya pili inabebwa na moyo na mapafu. Moyo ukilala usiku mmoja umepona. Goti linaweza kukuweka nje msimu mzima.

Fundi:
Naongeza kutoka benchini. Msikimbilie kununua gia za nyuma za meno 32 kabla hamjatazama kibadilisha gia cha nyuma. Vile vya zamani vyenye mkono mfupi, vingi mwisho wake ni meno 28 hivi. Ukilazimisha, mnyororo unakwaruza au unakosa kukaza ukiwa kwenye gia ndogo. Na wale wenye baiskeli za mtumba zenye sahani tatu mbele, 52, 42 na 30, ambazo vijana wanazidharau wanasema za wazee: hiyo sahani ya 30 ndiyo dhahabu ya Lushoto. Msiing'oe. Nimewang'olea watu wanaotaka sura ya kisasa, baadaye wanarudi kuulizia.

Kabla ya safari badilisheni vibao vya breki, kagueni nyaya zote, na beba spoku mbili tatu za saizi yako. Lushoto mafundi wapo wazuri, lakini vifaa vya baiskeli za mbio usitegemee kuvikuta.

Mleta uzi:
Fundi umemaliza. Hasa hilo la vibao vya breki.

Mdau wa Mbagala:
Usafiri je? Baiskeli inapandaje basi?

Mleta uzi:
Mabasi ya moja kwa moja hadi Lushoto yapo, yanatoka stendi ya Mbezi. Toa magurudumu yote mawili, geuza usukani, funga kibadilisha gia kwa kitambaa kinene au kitoe kabisa, kisha funga kila kitu kwenye turubai au boksi la duka la baiskeli. Bei ya mzigo ikubaliane kabla hujapanda, konda akiwa mbele yako, siyo mkifika Segera. Na simama mwenyewe kwenye buti uone inawekwaje. Mwenzangu mmoja alikuta gunia la mchele limelazwa juu ya baiskeli yake, kile kipande kinachoshikilia gia za nyuma kimepinda, na ofisi ya basi ikasema mzigo ni juu ya mwenyewe. Siku mbili zikaishia kwa fundi.

Dada wa Tanga:
Hamjambo humu. Naendesha na nimepanda mlima huo. Naomba niseme kwa ajili ya wanawake, maana uzi kama huu mara nyingi unaandikwa kana kwamba hatupo. Barabara yenyewe sijapata shida nayo. Watu wa kule ni waungwana, wanakusalimia, watoto wanakimbia pembeni yako wakikuhesabia, na akina mama wa matunda pale Soni wakishakuzoea hawakubali upite bila kuchukua walau plamu. Ninachofanya: sitoki peke yangu kwenda njia za ndani za msitu, namwachia mwenye nyumba ya wageni namba na njia ninayopita, na nikishuka kuingia sokoni navaa bukta pana juu ya ile suruali ya kubana. Ni mji wenye Waislamu wengi na watu wazima wengi, ukiwaheshimu wanakuheshimu mara mbili.

Jingine, kina dada wengi tunakula kidogo tukidhani tunapungua uzito vizuri. Kwenye wiki ya kambi usijinyime. Mwili unaojengwa bila tofali unabomoka, na mzunguko wa mwezi ukianza kuvurugika hiyo ni alama kwamba chakula hakitoshi, usiipuuze.

Mleta uzi:
Shukrani sana dada. Hili la chakula lisomwe na wanaume pia.

Mdau wa Nairobi:
Salaam kutoka huku jirani. Nasoma nikishangaa, kwa nini msije Iten, huku Kenya? Mita 2,400, baridi, wakimbiaji kila kona, na ule ukuta wa bonde la Kerio unaoteremka kupitia Tambach. Ukishuka hadi chini na kurudi juu, hapo ndipo utajua mlima.

Mleta uzi:
Mkuu, Iten naiheshimu sana na mtu mwenye mwezi mzima aende, nami nikijaliwa nitakuja. Ndiko alikofanyia mazoezi marehemu Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wa Kenya, yule tuliyempoteza Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, na kazi aliyoifanya kwa vijana wa baiskeli wa Afrika Mashariki haisahauliki. Lakini kwa mtu anayeishi usawa wa bahari, siku za mwanzo kwenye mita 2,400 ni za kuteseka: usingizi mwepesi, mapigo juu, na nguvu unayoweza kuitoa inapungua. Ukiwa na wiki moja tu, unaanza kuzoea ndiyo unafunga mizigo. Kwenye mita 1,400 unaweza kufanya kazi nzito tangu siku ya nne. Ndiyo maana nasema tuchague kwa kutazama siku tulizonazo, si kwa kutazama sifa za mahali.

Mdau wa Moshi:
Na mashindano ya dunia ya Kigali mwaka 2025 yalituonyesha. Kilomita 267.5, vilima juu ya vilima, mawe ya Kimihurura, na waliomaliza ni 30 tu. Pogačar alishinda kwa kubeba mzigo uleule muda mrefu kuliko wengine wote.

Mleta uzi:
Nililitazama lile shindano lote. Yalikuwa mashindano ya kwanza ya dunia ya barabarani kufanyika Afrika, na yalikuja nyumbani kwa jirani yetu, kwenye vilima vinavyofanana na vyetu. Vijana wetu waliokuwa pembeni mwa barabara siku ile watakuwa wameona kitu ambacho sisi tulikua bila kukiona. Nikifikiria hivyo naona aibu kwamba Dar nzima tunao mlima umbali wa basi la siku moja na wengi hawajawahi kuupanda.

Mdau wa Kigamboni:
Nina miaka 52, presha inanisumbua, natumia dawa. Naweza kwenda?

Mleta uzi:
Shikamoo mzee wangu. Kwanza nenda kwa daktari wako umwambie wazi: nataka kupanda mlima kwa saa mbili mfululizo. Atazame presha, moyo na aina ya dawa, kwa sababu zipo dawa za presha zinazozuia mapigo yasipande, na ukitumia saa ya mapigo utadanganyika. Akikuruhusu, panda kwa kipimo cha sentensi kamili, siku zote, usiguse zile dakika 20 ngumu. Waweza pia kuanzia Soni kwenda Lushoto, ni pafupi na pamelegea. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, shuka, kaa kivulini, omba msaada. Magari ya abiria yanapita muda wote.

Mdau wa Kigamboni:
Marahaba. Nimekuelewa kijana wangu, Jumatatu niko kliniki.

Mdau wa Mbagala:
Swali la mwisho kaka. Ukirudi Dar, unaona faida lini? Mimi niliwahi kwenda Morogoro kwa mazoezi, nikarudi nikajikuta mzito kuliko nilivyoondoka, nikakata tamaa.

Mleta uzi:
Hiyo ni kawaida kabisa na usikate tamaa. Unarudi na uchovu juu ya faida, na uchovu ndio unaoonekana kwanza. Wiki ya kwanza endesha kidogo, saa moja moja, tambarare, lala mapema. Usijipime, usishindane na kundi la Jumamosi hata wakikuita. Kuanzia wiki ya pili utaanza kuhisi mwendo ambao zamani ulikukata pumzi sasa unauendesha huku unaongea. Halafu usiuache upotee: mara moja kwa juma tafuta kipande chochote kisicho na taa, hata kama ni kukizunguka hichohicho, ukae dakika 20 bila kuachia. Mimi natumia njia ya Bagamoyo baada ya Bunju, saa kumi na moja na nusu alfajiri, ambapo magari bado machache. Taa ya nyuma iwake muda wote, na kofia ngumu kichwani.

Wanaotaka kwenda Julai waandike hapa chini wana siku ngapi na baiskeli zao zina gia zipi, tupange vikundi kwa mwendo unaolingana. Fundi amekubali kuzikagua Jumamosi moja kabla ya safari.